Kabla ya Gari Kuondoka Sakina: Kusoma Utabiri kwa Ajili ya Mlima

Utabiri unaousoma kwenye simu ukiwa ofisini Sakina, pembeni ya barabara ya Nairobi, ni wa mahali palipo kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Wageni wako watalala Miriakamba kwenye mita 2,514, kesho yake Saddle kwenye mita 3,570, na alfajiri ya siku ya tatu watakuwa kwenye ukingo wa kreta wakielekea kilele cha Meru, mita 4,566. Simu imeandika "Arusha, nyuzi 24, mawingu kiasi". Kwa mama anayeanika nguo Sakina hayo ni maelezo kamili. Kwa msafara wako bado hayajasema kitu, na kazi ya kuyafanya yaseme ni yako, kabla gari halijawashwa.

Ninawaandikia watu wawili: anayebaki ofisini akipanga safari, na kiongozi anayepanda na wageni. Mfano wangu mkuu ni Meru kwa kuwa ndio mlima wetu wa nyumbani, na kwa kuwa wengi huuchukulia kama mazoezi tu ya kuzoea hewa nyembamba kabla ya Kilimanjaro. Meru haustahili dharau hiyo. Kutoka Rhino Point hadi Cobra Point na kuendelea, njia inafuata ukingo: upande mmoja shimo la kreta, upande wa pili mteremko wa majivu ya volkano, na hapa na pale mwamba mtupu ambao ukishika barafu ya alfajiri, mguu haukai. Mahali kama hapo upepo na baridi ndivyo vinavyoamua, na vyote viwili vinaweza kuonekana siku mbili tatu kabla na mtu anayejua pa kutazama.

Shusha joto, pandisha upepo

Anza na joto, maana ndilo jepesi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Arusha mjini hadi kilele cha Meru kuna zaidi kidogo ya mita 3,100, kwa hiyo toa nyuzi 20. Hadi Uhuru, kilele cha Kilimanjaro kwenye mita 5,895, toa 29. Tumia joto la alfajiri, si la mchana, kwa sababu wageni wako watakuwa juu alfajiri. Kama Arusha itaamka na nyuzi 14, andika hasi 6 kwa Meru na hasi 15 kwa Uhuru. Ni makadirio, na usiku mkavu usio na mawingu yanaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa, lakini yanatosha kukuambia nani aazimwe glovu nzito.

Kisha ongeza upepo. Kwenye hasi 6, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi ipoe kama vile ni hasi 14. Kwenye hasi 10, upepo wa kilomita 40 kwa saa unakupeleka kwenye hasi 21. Mgeni aliyepakia nguo zake kwa kusoma joto peke yake amejiandaa kwa ajili ya mlima mwingine.

Upepo wa Sakina haukuambii lolote kuhusu upepo wa Cobra Point. Mjini tumekingwa na mlima wenyewe, na miti, na nyumba. Programu ya Windy ina kitelezi cha mwinuko pembeni ya ramani, na nimeona watu wengi wakiifungua, wakitazama rangi za upepo wa ardhini, wakaifunga. Kwa Meru sogeza kitelezi hadi hektopaskali 600, palipoandikwa mita 4,200. Kwa Kibo ya Kilimanjaro nenda 500, palipoandikwa mita 5,500. Katika ukanda wetu wa tropiki hewa imetanuka kwa joto, hivyo viwango hivyo hukaa juu kidogo kuliko mita zilizoandikwa, na kile cha 500 kinakaribia kabisa kilele cha Uhuru. Hiyo ndiyo hewa itakayowapiga wageni usoni. Kwa ukingo mwembamba wa Meru, ambako upepo hubanwa na kuongeza kasi ukivuka, mimi huongeza theluthi moja juu ya namba ninayoiona.

Uwe macho na jambo moja zaidi. Kompyuta zinazotengeneza utabiri hugawa dunia katika miraba. Modeli ya kituo cha Ulaya, ECMWF, inatumia miraba ya kilomita 9 hivi. Ile ya Marekani, GFS, ina miraba mipana zaidi. Ndani ya mraba mmoja wa namna hiyo kilele cha Meru kinakatwa na kreta inajazwa, kinabaki kilima cha wastani. Ndiyo maana unaweza kuandika "Mount Meru" kwenye programu ukapewa nyuzi 8 za alfajiri kama zawadi. Tafuta mwinuko ulioandikwa kando ya utabiri huo. Ukikuta ni mita 2,600, rudi kwenye hesabu ya nyuzi 6.5 na umalizie kupanda mwenyewe.

Mjini mawingu, juu jua, na kinyume chake

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, Arusha huamka chini ya blanketi la kijivu. Manyunyu, baridi, magari yakiwasha taa saa 2 asubuhi. Wageni walioshuka uwanja wa ndege wa KIA jana yake wanachungulia dirishani na kuuliza kama safari itaahirishwa. Mara nyingi blanketi hilo ni jembamba: unyevu unaoletwa na kusi hukwama chini ya tabaka la hewa yenye joto na kavu, na mawingu hayawezi kulipenya. Msafara unatembea ndani ya ukungu msituni, unafika karibu na mita 3,000, unatokea juani, na Saddle kunakuwa na anga safi hadi kuiona Kibo upande wa mashariki. Utabiri wa "mawingu siku nzima" kwa Arusha katika miezi hiyo si sababu ya kughairi. Ni sababu ya kuwapa watu makoti ya mvua kwa ajili ya msitu na miwani ya jua kwa ajili ya juu.

Hatari iko kwenye hali ya kinyume. Januari na Februari kalenda za utalii huandika kiangazi, mji unang'aa, na watu wanalegea. Tarehe 2 Januari 2013, Ian McKeever, mpanda milima wa Ireland aliyewahi kuvunja rekodi ya kupanda vilele vya mabara saba kwa muda mfupi, aliuawa na radi akiongoza kundi Kilimanjaro, eneo la Lava Tower. Siku iliyotangulia walikuwa wamenyeshewa mvua kubwa. Simtaji ili kumlaumu, radi haichagui. Namtaja kwa sababu ya mwezi na mahali. Mwezi ulikuwa Januari, ambao kila kipeperushi husema ni mkavu. Na mahali penyewe, kwenye mita 4,630, ndipo wageni wa njia za Machame na Lemosho hupelekwa wazoee mwinuko kabla ya kushuka Barranco, na kwa desturi hufika hapo mchana, saa ambazo mawingu ya radi hukomaa.

Kwa hiyo utabiri ukionyesha ngurumo za alasiri, usibadilishe njia kwanza, badilisha saa. Tokeni kambi ya Shira saa 12 na nusu asubuhi badala ya saa 2, mpite Lava Tower kabla ya saa 5. Ikiwa asubuhi hiyo mawingu yameshaanza kuvimba mnapokunywa chai, chukueni njia ya chini inayokwenda moja kwa moja Barranco, ileile wanayopita wapagazi. Mgeni atapoteza sehemu ya mazoezi ya mwinuko. Anaweza kuifidia kwa kutembea jioni juu ya kambi anga likitulia.

Na usiamini macho yako ukiwa Sakina. Kutoka huku tunauona mgongo wa Meru, upande wa kusini-magharibi. Kreta yake imefunguka kuelekea mashariki, na njia inaanzia Momella upande huohuo, kisha inapanda na kuzunguka kwa ukingo wa kaskazini. Mlima unaweza kuwa umefunikwa kwetu na wazi kwao. Piga simu geti la Momella uulize wanaona nini. Ni dakika mbili, na wanaoulizwa wako chini ya njia yenyewe.

Lugha ya TMA

Kuna tabia ya kuruka utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na kukimbilia programu za nje zenye rangi nzuri. Soma vyote viwili, lakini uanze na TMA, maana wao wana watabiri wanaoifahamu nchi hii na wanaotoa tahadhari ambayo serikali na hifadhi zitaifuata. Sisi tuko kwenye kundi wanaloliita nyanda za juu kaskazini mashariki: mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Wanaposema "mvua na ngurumo katika maeneo machache", usitafsiri kuwa mvua ni kidogo. Maana yake ni kwamba sehemu ndogo ya eneo ndiyo itakayonyeshewa, na huko itakaponyesha inaweza kuwa kubwa. Katika mikoa yenye Meru na Kilimanjaro, maeneo machache hayo mara nyingi ni miteremko ya milima, kwa sababu hewa yenye unyevu ikigonga mlima haina pa kwenda ila juu.

Kisha kuna taarifa ya siku tano ya hali mbaya ya hewa, yenye ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa safari ya Meru ya siku nne, taarifa hiyo inaifunika safari nzima ukiisoma siku moja kabla. Angalizo la mvua kubwa kwa mkoa wetu linamaanisha simu kwa dereva kabla ya simu kwa mpishi: barabara ya kutoka Usa River kwenda Momella, na zile za Sanya Juu kwenda Londorossi, hubadilika upesi zikilowa. Aprili 2024 watoto wa shule walipoteza maisha hapahapa jijini Arusha gari lao liliposombwa na maji kwenye korongo. Dereva wako apewe ruhusa, kwa maneno ya wazi, ya kusimama na kusubiri maji yapungue hata kama wageni wanatazama saa.

Utabiri wa msimu nao, ule wa masika na wa vuli, usiishie kwa wakulima. Vuli ya mwaka 2023 TMA walitangaza mapema kuwa mvua zingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuangukia Katesh, na makumi ya watu walikufa. Msimu wa namna hiyo ardhi ya mlimani imeshashiba maji, na mvua ya kawaida hufanya kazi ya mvua kubwa. Ukiona "juu ya wastani", punguza safari unazouza kwa miezi hiyo au ziongeze siku.

Saa ya kusoma

Modeli ya Ulaya hutolewa upya zaidi ya mara moja kwa siku, lakini matoleo yake makubwa ni mawili, na yanafika kwenye simu zetu karibu saa 4 asubuhi na tena karibu saa 4 usiku. Anayefungua programu saa 1 asubuhi akidhani amepata habari mpya anasoma ya jana. Msafara unaotoka asubuhi usomewe utabiri saa 4 usiku uliotangulia.

Angalia pia saa zilizoandikwa. Tovuti nyingine hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo unaiongezea tatu kupata yetu. Ukiona radi imewekwa "12 UTC", hiyo ni saa 9 alasiri. Kiongozi mmoja akisema "saa kumi na mbili" na mwenzake akaandika "12:00", watu wanaweza kujikuta kwenye ukingo wakati mbaya kabisa. Ofisini kwenu kubalianeni kuandika saa za Kiswahili pamoja na neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, usiku.

Kuhusu uaminifu wa utabiri, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanaubishia: amini upepo na joto, shuku saa ya mvua. Ulaya mvua kubwa huja na mifumo mipana inayosafiri kutoka baharini, na kompyuta huiona ikija. Mvua zetu nyingi huchemka papo hapo, wingu moja juu ya mteremko mmoja, baada ya jua kupasha ardhi. Modeli inaweza kujua kwamba kesho kuna unyevu wa kutosha kuleta radi. Haiwezi kukuahidi kuwa itapiga Rhino Point na si Oldonyo Sambu. Mgeni kutoka Ujerumani anayekuonyesha kwamba programu yake inasema mvua itakoma saa 8 na dakika 20 mweleze hili kwa upole, mapema, kabla hajaitegemea.

Linganisha modeli mbili. Zikikubaliana kwa siku tatu mfululizo, panga kwa kujiamini. Zikigombana, moja ikisema kukavu na nyingine milimita 30, usichague unayoipenda. Ugomvi wenyewe ndio habari: anga halijaamua, na wewe weka mpango wa siku mbaya.

Kipimo ni mpagazi

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Ukisoma utabiri, unamsomea nani? Wengi humsomea mgeni, mwenye koti la manyoya ya bata, suruali mbili za joto na viatu visivyoingiza maji. Mtu aliye hatarini zaidi ni kijana anayebeba mzigo wake wa kilo 20, aliyetoka nyumbani na fulana ya pamba, suruali ya jinsi na raba zilizochoka, ambaye atatoka jasho msituni, atanyeshewa, kisha atafika Saddle na kusimama kwenye upepo akisubiri apangiwe pa kulala.

Baridi inayoua mlimani mara nyingi si ile ya hasi 15 kileleni, ambako kila mtu amejiandaa. Ni mvua ya nyuzi 6 au 8 kwenye mita 3,000 na kitu, ikifuatwa na upepo, juu ya mwili uliochoka na wenye njaa. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili na haikauki. Kwa hiyo, utabiri ukiwa na mvua zaidi ya saa mbili kwa siku yoyote ya kupanda, ukaguzi wa vifaa unaanza na wapagazi. Kila mmoja aonyeshe getini koti la mvua, nguo kavu moja iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kofia, soksi za akiba. Asiyenavyo aazimwe, na ofisi iwe na sanduku la vitu hivyo. Moshi upo mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, unaoazima nguo za mlimani bila malipo; hakuna kisingizio kwa kampuni inayopanda Kilimanjaro. Asiyepata kabisa asipande siku hiyo, na alipwe nauli ya kurudi nyumbani.

Kiongozi afundishe kila mtu, mpishi na mpagazi pia, kutambua dalili. Kwanza mtu anatetemeka na vidole vinakuwa vizito. Kisha anajikwaa, anamung'unya maneno, anakuwa mkali au anatulia mno, anasema amechoka na anataka kukaa kidogo. Akiacha kutetemeka wakati bado ni baridi, msifikiri amepata nafuu. Hali imekuwa mbaya. Muingizeni kwenye hema au kibanda, mvueni nguo zilizolowa, mtengeni na ardhi kwa godoro au mikeka, mfunikeni na mfuko wa kulalia, na kama yuko macho na anameza vizuri mpeni uji au chai yenye sukari nyingi. Pombe hapana.

Vilevile panga nani afike kwanza. Siku yenye utabiri wa mvua, hema la chakula na hema la wapagazi vitangulie, vyoo vya wageni vifuate. Nimelisema hili kwenye vikao vingi na nitaendelea kulisema.

Mstari wa kugeuka

Utabiri usioishia kwenye uamuzi ni mapambo. Kabla ya kuondoka, andikeni kwenye karatasi moja mambo yatakayowafanya mgeuke, na yasomwe mbele ya wageni jioni ya maelezo ya safari, hotelini, wakiwa wameshiba na hakuna aliyechoka.

Kwa Meru mimi huweka hivi. Upepo wa kiwango cha 600 ukitabiriwa kilomita 40 kwa saa au zaidi kwa saa za alfajiri, hakuna kupita Rhino Point. Mkisikia ngurumo mkiwa Saddle, hakuna kutoka. Mvua ikiwa inanyesha saa 7 usiku, subirini hadi saa 10. Isipokatika, pumzikeni, na kukicha pandeni Little Meru, mita 3,820, ambayo kutoka Saddle ni mwendo wa saa moja hivi na inampa mgeni kilele na picha. Mwamba ukiwa na barafu, msiuvuke gizani. Na popote mtakapokuwa saa 3 asubuhi, hapo ndipo mnapogeukia, kwa sababu mawingu hupanda kuanzia saa 4 na kushuka ukingoni ndani ya ukungu ni hatari kuliko kupanda.

Safari ya siku nne ina faida ambayo ya siku tatu haina. Alfajiri ya siku ya tatu ikiharibika, kundi linaweza kulala tena Saddle, kujaribu alfajiri ya nne, na kushuka hadi Momella siku hiyohiyo. Ni siku ndefu, miguu itauma, lakini siku za kibali hazijaongezeka. Kwa Meru hupandi bila askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa ajili ya nyati na tembo, kwa hiyo mpango huo mweleze afande siku ya kwanza getini, si usiku wa manane Saddle. "Afande, tukipata upepo tutakaa siku moja zaidi, unaonaje?" Atakuambia pia alichokiona juu wiki iliyopita.

Upande wa ofisi kuna karatasi ya pili, nayo ni muhimu kuliko ya kwanza: barua fupi kwa kiongozi inayosema akigeuka kwa sababu ya hali ya hewa hatakatwa malipo, hatanyimwa safari inayofuata, na ofisi itamtetea mgeni akilalamika. Kiongozi anayejua kwamba asilimia ya wageni wanaofika kileleni ndiyo inayompa kazi atausoma utabiri kwa matumaini. Mtoe kwenye mtego huo kwa maandishi. Na wageni waelezwe mapema kuwa bahasha ya shukrani haipimwi kwa kilele, maana wapagazi wamebeba mzigo uleule.

Ujumbe wa jioni

Mlimani simu hukamata hapa na pale, na intaneti huweza kukosekana hata penye mtandao. Tangu Agosti 2022 shirika la simu la TTCL limefikisha intaneti kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, kwa hiyo njia ya Marangu ina nafuu. Kwingine tegemea ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hupenya hata mtandao ukiwa dhaifu. Aliyeko ofisini asome utabiri saa 4 usiku, au mapema kidogo kama msafara unatoka usiku huo, na atume maneno yasiyohitaji kufasiriwa:

"Alhamisi kilele. Upepo juu 20 kutoka mashariki, kufika 30 alfajiri. Joto hasi 5. Kavu hadi saa 6 mchana. Ngurumo kuanzia saa 8 mchana. Tokeni saa 7 usiku. Mwisho wa kupanda saa 3 asubuhi. Nijibu."

Neno la mwisho lina kazi yake. Kama hakuna jibu, rudia asubuhi, na kama bado, piga geti. Kiongozi naye ajibu kwa anachokiona: mawingu yako juu au chini yao, upepo unatoka wapi, kuna aliyelowa.

Anga lenyewe

Ukishapanda, simu ni msaidizi na macho ndiyo bosi. Kofia ya wingu laini, iliyotulia juu ya kilele huku mawingu mengine yakikimbia, ni dalili ya upepo mkali juu. Mawingu yanayovimba kama koliflawa kabla ya saa 4 asubuhi yanakuambia radi itawahi. Saa ya mkononi yenye kipimahewa inafaa, ila ujue kwamba katika tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Kambi ikionekana "imepanda" mita kumi na tano jioni si dhoruba. Linganisha saa 10 ya leo na saa 10 ya jana. Tofauti kubwa hapo ndiyo ya kuchukulia hatua.

Radi ikimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo na ugawanye kwa tatu kupata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari mnatakiwa kuwa mnashuka kutoka ukingoni. Watu waachane kama mita 20, wasikae chini ya mwamba unaoning'inia wala karibu na mti ulio peke yake, waweke fimbo za chuma chini. Mahema hayakingi radi. Msianze tena kupanda kabla nusu saa haijapita tangu ngurumo ya mwisho.

Mkirudi Sakina, kabla ya kuosha viatu, fungueni daftari la ofisi. Upande wa kushoto bandikeni ujumbe wote uliotumwa. Upande wa kulia kiongozi aandike kilichotokea: saa mawingu yalipofika Saddle, upepo ulivyokuwa Cobra Point, mvua ilipoanza na kwenye mwinuko gani, nani alipata baridi na alikuwa amevaa nini. Andikeni pia safari ambazo utabiri ulikosea kwa kuwa mbaya kuliko hali halisi, maana hizo husahaulika upesi. Baada ya masika moja na vuli moja mtaanza kuona modeli ipi huzidisha mvua kwenye mteremko wa Momella, na ni theluthi au nusu mnayopaswa kuongeza kwenye upepo wa ukingo. Daftari likae mezani kwa mpangaji wa safari, na kiongozi anayetoka kesho alisome kabla ya kusaini karatasi ya msafara.